Sare ya Shule na Suala la Matabaka

Kila mwaka mtoto wa mkulima anapochaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya umma, mzazi wake hupokea karatasi iitwayo fomu ya maelekezo ya kujiunga. Wanachama wengi huiona karatasi hiyo kuwa ni jambo la ofisi tu, lisilohusiana na itikadi. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba sivyo. Fomu ya kujiunga ni maandishi ya kisiasa, na hatuna budi kuisoma kama tunavyosoma maandishi mengine ya kisiasa: imeandikwa kwa maslahi ya nani, imerithi fikra za nani, na ni nani atakayelipa gharama ya kila mstari wake.

Tuisome basi. Fomu hizi hutofautiana kidogo kutoka shule hadi shule, lakini umbo lao ni lile lile. Mashati mawili meupe. Sketi mbili, au suruali mbili, za rangi ya shule. Sweta, mara nyingi yenye nembo. Tai. Soksi. Viatu vyeusi vya ngozi vya kufunga kwa kamba. Nguo za michezo na raba. Huko chini, baada ya ndoo na fagio, ndipo linapotajwa jembe na nguo za kufanyia kazi za mikono. Kisha hufuata makatazo: nywele ziwe fupi, hereni marufuku, kucha zisipakwe rangi, suruali isibane, sketi ivuke goti. Na mwisho onyo kwamba mwanafunzi asiyetimiza masharti hayo hatapokelewa.

Utaratibu wa orodha hiyo una mafunzo. Elimu ya Kujitegemea ilipotolewa Machi 1967, shabaha yake ilikuwa kuifanya shule iwe sehemu ya maisha ya kijiji, mahali ambapo mwanafunzi anajifunza na kuzalisha. Katika fomu ya leo jembe lipo, lakini limekuja nyuma ya tai. Hakuna aliyepanga kuidharau kazi kwa makusudi. Mwandishi wa fomu alinakili fomu ya mwaka uliotangulia, na huyo wa kabla yake alinakili nyingine, na ukifuatilia mnyororo huo unafika kwenye shule ya mkoloni. Ndivyo kasumba inavyofanya kazi: haihitaji mtu wa kuitetea, inahitaji mtu wa kuinakili tu.

Ile tai, kwa mfano. Ina kazi gani katika darasa la wanafunzi zaidi ya 60, lenye paa la bati, mjini Lindi au Kahama, mwezi Februari? Haimkingi mtu na jua wala baridi. Haisitiri sehemu yoyote ya mwili ambayo shati halijaisitiri. Kazi yake ni moja: kutangaza kwamba aliyeivaa hakusudii kushika jembe. Hata sweta, ambayo ina maana kubwa huko Makete na Lushoto, haina maana ileile pwani. Lakini imeandikwa katika fomu za pande zote kana kwamba nchi yetu ina hali ya hewa moja, nayo ni ya Uingereza.

Wakoloni waliijua vizuri siasa ya nguo. Hadi mwisho wa 1961 Tanganyika ilikuwa na mifumo mitatu ya shule, wa Wazungu, wa Waasia na wa Waafrika, na mavazi yalikuwa sehemu ya mipaka hiyo. Kaptura ya kaki aliivaa mvulana wa shule, aliivaa askari, aliivaa tarishi mwenye mvi. Suruali ndefu ilikuwa dalili ya mtu anayetoa amri. Kwa hiyo si ajabu kwamba msomi wa Kiafrika wa wakati ule aliitamani suruali kuliko hata ujuzi wenyewe. Alifundishwa kusoma cheo katika pindo la nguo.

Somo hilo halikufutika siku bendera iliposhushwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kwenda Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, nao walivaa majoho yao. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani, zaidi ya wanafunzi 300, na siku zile zile akatangaza kupunguza mishahara ya viongozi, kuanzia wake mwenyewe. Makada wengi wanalikumbuka tukio hilo kwa sababu ya mishahara na kwa sababu lilitangulia Azimio la Arusha kwa miezi michache tu. Lakini tulitazame pia kama ugomvi wa sare mbili: joho la msomi likikataa kuvuliwa ili kupisha gwanda la Jeshi la Kujenga Taifa. Wanafunzi walijua walichokuwa wakikitetea. (Leo joho hilo hukodishwa na kuvishwa watoto wa chekechea siku ya mahafali, na wazazi huchangishwa kwa ajili hiyo. Sijui kama tucheke.)

Wapo wasemao kwamba, kwa kuwa sare ina asili ya kikoloni, basi ifutwe, kila mtoto avae apendavyo. Nao huliita jambo hilo uhuru wa mtu binafsi. Hatuwezi kukubaliana nao. Uhuru wa kuvaa upendavyo ni uhuru wa yule mwenye nguo za kuchagua. Ukifuta sare leo, kesho darasa litageuka kuwa dirisha la duka: mtoto wa mfanyabiashara atabadilisha viatu kila siku, na mtoto wa kibarua atakuja na nguo ile ile moja mpaka aone aibu na kubaki nyumbani. Sare kama shabaha ya usawa ni wazo sahihi, na Chama hakikukosea kulishikilia. Wanafunzi 800 wakisimama mstarini katika nguo za namna moja, ni vigumu kumtambua mtoto wa mkurugenzi.

Ni vigumu, lakini haishindikani, na hapa ndipo uchambuzi wetu unapoanza hasa. Mtu yeyote aliyewahi kusimamia ukaguzi wa asubuhi anajua. Mimi nilifundisha shule ya msingi kwa miaka kadhaa, na wakati wa zamu yangu nilikuwa nikipita mstarini kutazama kucha na kola. Baada ya wiki mbili sikuhitaji kuuliza habari za nyumbani kwa mtoto yeyote. Kulikuwa na shati jeupe la mwaka huu, shati jeupe lililogeuka rangi ya maziwa ya mgando, na shati ambalo kola yake imegeuzwa na kushonwa upya. Kulikuwa na mvulana wa darasa la tano aliyevaa shati ambalo vifungo vyake vilikuwa upande wa kushoto. Lilikuwa la dada yake, ambaye siku hiyo hakuja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba walikuwa wakija kwa zamu. Siku nilipomkuta dada mtu amevaa kitenge juu, kanuni ilinitaka nimrudishe nyumbani, nami nikamrudisha. Nilifuata kanuni. Hakurudi wiki ile, na yule mvulana pia akawa haji.

Usawa wa sare, basi, ni usawa wa sharti. Sare inaficha tofauti ya matabaka pale tu ambapo kila mtoto anayo. Pale ambapo wengine hawana, inafanya kinyume chake: inachora mstari ambao bila sare usingeonekana wazi hivyo, kisha inamkabidhi mwalimu kazi ya kuulinda. Mtoto maskini hafukuzwi kwa sababu ni maskini, maana hilo lingetushtua sote. Anafukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Umaskini wa mzazi umebadilishwa jina njiani kati ya nyumbani na lango la shule.

Sasa tujikosoe. Kwa nini sisi katika Chama, tulio na maneno mengi juu ya unyonyaji, tumekuwa hodari wa kupima urefu wa sketi na wazito wa kuuliza bei yake? Jibu, kwa maoni yangu, limo katika kampeni mbili za mwaka 1968, ambazo ni nadra kuzijadili pamoja.

Ya kwanza ilikuwa Operesheni Vijana. Oktoba mwaka huo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi sana, nywele za bandia, dawa za kujichubua na suruali za kubana zitapigwa vita. Kabla hata ya tarehe hiyo kufika, makundi ya vijana yaliwavamia akina dada huko Kariakoo, na polisi wakalazimika kuingilia. Hoja ilikuwa kwamba mavazi hayo si utamaduni wetu bali ni utumwa wa fikra kutoka ng'ambo. Ya pili ilikuwa kampeni ya Mkoa wa Arusha ya kuwatoa Wamasai katika rubega na udongo mwekundu na kuwavalisha suruali na magauni, kwa hoja kwamba mavazi yao ni ya kurudisha nyuma maendeleo.

Ziweke kampeni hizi mbili bega kwa bega. Sketi fupi ilikosa kwa kuwa ni ya kigeni. Rubega ilikosa ingawa ni ya hapa hapa. Basi kipimo kilichotumika hakikuwa utamaduni, kwa sababu utamaduni ungeihukumu ya kwanza na kuiachilia ya pili. Kipimo kilikuwa kile kile cha pande zote mbili, nacho ni suruali ya karani na gauni la misheni. Tulikuwa tukipambana na kasumba ya 1968 kwa rula tuliyorithi kutoka kwa kasumba ya 1928. Na aliyepimwa katika kampeni zote mbili alikuwa mtu asiye na sauti katika kikao kilichopitisha azimio: mwanamke wa mjini na mfugaji wa nyikani.

Haimaanishi kwamba hapakuwa na jambo la kweli ndani ya Operesheni Vijana. Dawa za kujichubua zinadhuru mwili hadi leo, na aliyezipinga 1968 alikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la mbinu na la shabaha. Vita dhidi ya bidhaa za ubeberu inapiganwa bandarini, dukani na kiwandani. Sisi tuliipigania mwilini mwa msichana anayesubiri basi.

Urithi huo umehamia shuleni, umetulia, na haupingwi. Katika shule nyingi za umma msichana hukatwa nywele, na sababu inayotolewa ni usafi na kuepuka gharama ya kusuka. Hoja ya gharama ina uzito wake. Lakini katika baadhi ya shule za kulipia zinazofundisha kwa Kiingereza, binti wa tabaka jingine anasuka na anafaulu, na hakuna anayedai kwamba akili yake imeingiwa na chawa. Kanuni inayomhusu mtoto wa mkulima peke yake ichunguzwe mara mbili. Na kwamba sare inaweza kutungwa kwa kuijali jamii yake ni jambo tunalolijua: Zanzibar ushungi mweupe ni sehemu ya sare ya msichana, na hakuna shule iliyoanguka kwa sababu hiyo.

Upande wa walimu jambo ni hilo hilo kwa sura nyingine. Mwaka 2007 Serikali ilitoa waraka kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, na mabango ya picha yakabandikwa kwenye milango ya ofisi kuonyesha lipi linakubalika na lipi halikubaliki. Mwalimu ni mtumishi wa umma, waraka unamhusu. Mimi si mtetezi wa mwalimu anayeingia darasani na kandambili. Mwalimu nadhifu huwaheshimu wanafunzi wake. Ila kuna mambo mawili. Kwanza, mwalimu kijana aliyepangiwa shule ya mbali, anayesubiri mshahara wake wa kwanza, analala chumba cha kupanga na kupita kwenye tope hadi shuleni, hawezi kuhukumiwa kwa bango lililochorwa kwa ajili ya ofisi yenye sakafu ya marumaru. Pili, waraka wa mavazi ni silaha nyepesi mikononi mwa mangimeza. Mkuu wa shule asiyeweza kumkosoa mwalimu kwa ufundishaji, kwa kuwa haingii darasani kumwona, hupata nguvu ya kumkosoa kwa sketi. Na ni wachache mno wanaume waliowahi kuitwa ofisini kwa ajili ya suruali. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitahadharisha juu ya viongozi wenye majivuno na unyapara. Tahadhari hiyo inahusu pia ofisi ya mkuu wa shule.

Tunafika sasa kwenye kitambaa chenyewe, ambacho fomu ya kujiunga haisemi lolote juu yake. Babu zetu wa karne ya 19 walikiita kitambaa cha pamba kilichofumwa Massachusetts kwa jina la nchi kilikotoka: marekani. Jina hilo limebaki katika lugha yetu kama ushahidi wa nani alifuma na nani alivaa. Baada ya Azimio tulijaribu kuligeuza jambo hilo. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968, mwaka ule ule wa kampeni mbili tulizozitaja. Vikawepo Mwatex huko Mwanza, Mutex huko Musoma, Kilitex huko Arusha. Pamba ya Usukuma iliweza kurudi kwa mkulima ikiwa nguo bila kuvuka bahari. Kasoro za viwanda hivyo zilikuwa nyingi: vipuri, umeme, na uongozi mbovu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 foleni za nguo zilikuwa ndefu. Mwaka 1984 milango ikafunguliwa, wenye fedha za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi, na mitumba ikaingia. Miaka ya 1990 viwanda vikafungwa, vikauzwa, au kama Urafiki vikawa vya ubia.

Matokeo yake yako mgongoni mwa mtoto. Kilo 3 hivi za pamba mbegu hutoa kilo 1 ya pamba safi, na pamba hiyo hutosha mashati kadhaa ya mwanafunzi. Sehemu kubwa ya pamba yetu inauzwa nje kabla ya kufumwa. Mkulima wa Bariadi au Maswa, aliyeipalilia, huenda mnadani kumnunulia mtoto wake shati la tetroni lililotoka ng'ambo, au shati jeupe la mtumba lililovaliwa na mtoto wa nchi nyingine. Nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana mwaka 2016 kuondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ilitishia kuziondolea nafuu ya kuuza nguo katika soko lake, nasi tukarudi nyuma. Rwanda haikurudi, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo. Kwa hiyo anayesema kwamba mavazi ya wanafunzi ni suala la adabu tu hajauliza shati limepita wapi.

Waraka wa Elimu wa mwaka 2015 ulifuta ada katika elimu ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne. Ilikuwa hatua kubwa, na watoto wengi walioko madarasani wasingekuwepo bila hatua hiyo. Lakini sare ilibaki kwa mzazi. Kwa lugha ya uchumi, gharama ya kuingia shuleni haikufutwa, ilihamishwa kutoka kwa mhasibu kwenda kwa fundi cherehani. Na hatua hiyo ina athari zinazopimika. Huko magharibi mwa Kenya, ambako ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2003, watafiti waliwapa baadhi ya wanafunzi wa madarasa ya juu sare bila malipo na kuwafuatilia kwa miaka. Waliopewa waliacha shule kwa uchache kuliko wenzao, na wasichana waliopewa walipata mimba za utotoni kwa uchache. Shati na sketi vilifanya kazi ambayo mahubiri mengi juu ya maadili hayakuifanya.

Atatokea mtu aseme kwamba nchi haina fedha za kuwavisha watoto wote. Neno litakalofuata halitampendeza kila kada, lakini jarida hili si mahali pa kupendezana. Chama chetu katika kampeni za uchaguzi kimeweza kugawa kofia, fulana na khanga katika kila pembe ya nchi, hadi vijiji ambako gari la chanjo hufika kwa shida. Uwezo wa kununua kitambaa kwa wingi, kukishona kwa rangi moja na kukifikisha kwa mwananchi tunao. Tumeuonyesha.

Hata kabla ya bajeti, yapo mambo yaliyo ndani ya mamlaka ya bodi za shule na kamati za siasa za kata. Rangi za sare zikiwa za aina moja kwa wilaya nzima, kitambaa kinaweza kuagizwa kwa pamoja kutoka viwanda vya nchini, na nguo ya kaka ikamfaa mdogo wake aliyepangiwa shule nyingine. Leo kila shule ya kata ina rangi yake, na mara nyingi fundi wake aliyeteuliwa. Nembo ikiwa ya kushonea, shati la sokoni linatosha. Mafundi wa kijiji na vikundi vya akina mama wenye vyerehani wapewe kazi hiyo, na shule zenye chumba cha ufundi zishone zenyewe, kama zilivyokuwa zikifanya baadhi. Mtoto asiye na sare aingie darasani kwanza, na habari ya sare yake iende kwa mzazi na serikali ya kijiji, si kwa kiboko. Na kuna mistari miwili katika fomu ya kujiunga, wa tai na wa kuwa viatu ni lazima viwe vya ngozi, ambayo mkuu wa shule yeyote anaweza kuikata kwa kalamu kabla ya Januari ijayo, bila kusubiri waraka kutoka Dodoma.